Mwakilishi wangu wa kujitolea amenyamaza miezi miwili, na broka anataka nisaini naye. Nifanye aje? (klemu ya VA, yaani fidia ya kuumia jeshini kutoka idara ya maveterani ya Marekani, niko Nakuru)

Lanet_Bypass

Habari zenu wakuu. Naomba wale wamepitia hii njia wanishike mkono juu sahii nimechanganyikiwa. Nilienda Marekani na grinikadi, nikaingia jeshi la huko, nikatumikia miaka 6, na karibu mwaka mzima nilikuwa Bagram kule Afghanistan. Sahii nimerudi nyumbani kabisa, naishi hapa Lanet na mke na watoto wawili. Goti la kulia liliharibika nikiwa mazoezini nimebeba mzigo, na pua na kifua havijanipa amani tangu Bagram, kulikuwa na lile shimo la kuchomea takataka na ule moshi tulikuwa tunauvuta tukila, tukilala, tukikimbia asubuhi. Nikiwa ndani sikuenda kliniki sana, unajua vile ilivyo, ukilalamika unaonekana mnyonge.

Sasa kuna mzee mmoja huko Texas, alipigana Vietnam, anajitolea siku mbili kwa wiki kwenye ofisi ya chama cha maveterani, halipwi hata senti. Alinipokea vizuri sana. Tukajaza ile fomu ya uwakilishi, 21-22, na akanisaidia kuweka ile ya kutangaza nia ya kuweka klemu, 21-0966, hio ilikuwa miezi saba iliyopita. Tulikuwa tunaongea kila wiki halafu akanyamaza tu, miezi miwili sasa, emaili hajibu, simu inaita tu mpaka inakatika. Katikati ya hio hali kuna jamaa amenipata kwa grupu ya Facebook, anasema yeye ni mtaalamu wa hizi klemu, atanipeleka mpaka asilimia 100 ya ulemavu, malipo nitampa nyongeza ya miezi mitano ya kwanza na anataka pasiwadi yangu ya VA ndio aanze kazi leo leo. Mke wangu anakataa kabisa. Mimi naona siku zinaisha. Mnishauri.

Dunga_Beach

Msikilize mke wako. Mimi niko Kisumu, nilitumikia jeshi hilohilo, Djibouti na kwingine, na klemu yangu ilipitia kwa mtu wa kujitolea kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hivyo hii naongea nimeiishi.

Ya kwanza, huyo jamaa usimpe pasiwadi na usisaini kitu chake. Sheria ya Marekani iko wazi, mtu yeyote anayekutayarishia klemu lazima awe ameidhinishwa na VA, na hata wale mawakili walioidhinishwa hawaruhusiwi kukutoza pesa kwa klemu ya kwanza, wanaweza tu kuanza kulipwa baada ya uamuzi wa kwanza kutoka na wewe unataka upitiwe upya. Watu wa vyama vya maveterani kama DAV, VFW au American Legion hawatozi chochote, mwanzo wala mwisho. Mtu anayekwambia "nyongeza ya miezi mitano" kwa klemu ambayo haijaamuliwa hata mara moja huyo ni broka kama wale wa mashamba, tofauti ni kwamba hapa ploti ni mwili wako. Na hakuna mtu duniani anaweza kukuahidi 100, hio inaamuliwa na faili. Tovuti ya VA iko na mahali pa kutafuta majina ya walioidhinishwa, weka jina lake hapo uone kama linatokea.

Ya pili, na hii wengi hatuijui mpaka tuingie kwa shida. Soma tena ile 21-22 yako. Uliyempa uwakilishi ni CHAMA, mzee anaandikwa tu kama mtu wa chama anayeshika faili. Kwa hivyo mzee akiugua, akisafiri, hata akifariki, mungu apishe mbali, faili yako haijakufa naye. Piga simu ofisi ya chama yenyewe, sio namba yake ya mkono, uwaambie jina lako na kwamba mko na 21-22, mtu mwingine ataifungua aone kila kitu kilichowekwa. Ukisaini uwakilishi mpya na mtu mwingine ule wa kwanza unaondoka hapo hapo, na yule mzee hataweza tena kuona faili hata akipona kesho.

Lanet_Bypass

Hio ya chama sikuwa naijua kabisa. Nilidhani ni mzee mwenyewe. Asante sana ndugu, kesho usiku napiga.

Kaka_Kondele

Mimi nitasema kitu tofauti kidogo. Hawa wa kujitolea wana moyo lakini ni wachache na faili ni nyingi, mimi nilingoja nikachoka nikaingia VA.gov nikajaza 526EZ, ile fomu ya klemu yenyewe, mwenyewe na ikapita. Kama unajua kusoma na kuandika na uko na karatasi zako, usilale ukingojea mtu.

Dunga_Beach

Kweli unaweza jaza mwenyewe Kaka, sikatai, na hata ukiwa na mwakilishi hakuna kinachokuzuia kuweka. Lakini huyu ndugu yetu hakwenda kliniki akiwa jeshini, klemu yake iko na mashimo, na huyo mzee ameona faili mia kama hizi, anajua ni karatasi gani inaziba shimo gani. Pia siku hazijaisha, ile nia aliyoweka inampa mwaka mzima, ametumia miezi saba, bado mitano, na akiweka klemu kamili ndani ya huo mwaka malipo yakikubaliwa yanaweza kuhesabiwa kutoka siku ile ya nia. Asikimbie.

Na hebu niongeze kuhusu kufanya kazi na hawa wazee juu mimi nilikosea mwanzo. Nilikuwa namtumia wangu picha za simu moja moja kwa WhatsApp, leo karatasi ya goti, kesho ya masikio, keshokutwa namuuliza "imefika wapi". Siku moja akaniambia kwa upole kwamba anazifungulia jikoni kwake usiku kwa kompyuta ya mjukuu wake na hajui gani ni ya nini. Niliona aibu. Nikaenda saiba hapa mjini nikaskani kila kitu vizuri, nikatengeneza faili moja kwa kila ugonjwa, juu yake ukurasa mmoja umeandikwa: ugonjwa ni huu, ulianza wapi na mwaka gani, kwa rekodi za jeshi uko ukurasa huu, daktari wa sasa amesema hivi. DD-214, ile karatasi ya kutoka jeshini, mbele kabisa. Tukakubaliana simu moja kwa wiki, saa tatu usiku yetu, ambayo kwake Texas ilikuwa saa saba mchana. Kuanzia hapo kazi ilienda. Mtu anayekupa muda wake bure usimfanye karani wa kupanga karatasi zako, muachie ile kazi yeye peke yake anaijua.

Mama_Wawili_Lurambi

Mimi ni mke wa mstaafu wa jeshi hilo, tuko Kakamega. Lanet_Bypass naomba mke wako asome hii. Kuna fomu ya ushahidi wa watu wanaokujua, 21-10210, na kwa mtu kama mume wako ambaye hakwenda kliniki hio fomu ni kitu kikubwa sana. Mimi niliandika ya kwanza nikasema "mume wangu anateseka sana na mgongo, ni mtu mzuri, tafadhali msaidieni". Yule dada wa kujitolea aliyekuwa anatusaidia alinipigia simu akaniambia mama, hii ni sala, mimi nataka macho yako. Niliumia kidogo lakini alikuwa sawa.

Nikaandika upya. Nikaandika kwamba asubuhi mimi ndiye namvalisha soksi mguu wa kushoto kwa sababu hawezi kuinama, kwamba tukienda kanisani anasimama nyuma karibu na mlango kwa sababu benchi inamshinda baada ya dakika ishirini, kwamba mwaka tuliooana alikuwa anabeba gunia la mahindi kutoka barabarani hadi nyumbani na sasa mtoto wa kidato cha pili ndiye anabeba. Ni mara ngapi kwa mwezi, kwa muda gani, tangu lini. Usiandike jina la ugonjwa kama wewe si daktari, andika kile umekiona na kukisikia. Kama mume wako analala amekaa kwa sababu pua imeziba, sema analala amekaa na mito mingapi na anaamka saa ngapi. Na kama kuna mwenzake wa Bagram anayekumbuka moshi na anayekumbuka siku ile ya goti, yeye pia aandike yake, huyo ni shahidi wa kule ambako sisi wake hatukuwa.

Mama yake mume wangu aliandika yake kwa Kiswahili, tukaweka na tafsiri ya Kiingereza, tukatia zote mbili.

Lanet_Bypass

Dada umenigusa. Nimemsomea mke wangu akanyamaza kwanza, halafu akaleta kalamu.

Njoro_Kliniki

Mimi ni klinikal ofisa, nimewahi kusaidia wagonjwa wawili wa aina hii na nilijifunza kwa makosa. Ripoti zetu za huku ni fupi mno. "Maumivu ya goti, apewe dawa, arudi baada ya wiki mbili." Hio haimsaidii. VA inatafuta vitu vitatu: ugonjwa uliopo sasa na umepimwa, kitu kilichotokea ukiwa jeshini, na kamba inayofunga hivyo viwili. Kamba ndio watu wanakosa. Peleka rekodi zako za jeshi kwa daktari wa mifupa, aandike kwamba amezisoma, aeleze kwa nini anaona kuharibika kwa goti kumetoka kwa kile kisa cha mazoezini, na aseme kama uwezekano ni angalau nusu kwa nusu. Hahitajiki kuapa kwamba ana uhakika wote. Lakini sababu lazima aandike, barua isiyo na sababu haina uzito. Na mpe muda, usimfuate daktari kwa korido ukitaka barua ya dakika tano.

Kwa pua na kifua mambo ni mepesi kidogo. Kuna sheria ya PACT iliyosainiwa Agosti 2022, kwa waliotumikia Afghanistan na sehemu zingine zilizotajwa, magonjwa kama sainasi sugu, uvimbe sugu wa ndani ya pua, na pumu iliyogunduliwa baada ya kutoka jeshini yanachukuliwa kwamba yametokana na huo moshi na vumbi, kwa hivyo ile kamba hauhitaji kuitafuta, unahitaji upimwe vizuri na uonyeshe ulikuwa huko. Pimwa kupumua kwa mashine na umwone daktari wa masikio, pua na koo. Usiende na "nimekuwa na homa ya mafua" pekee.

Kaka_Kondele

Hio ya PACT ndio ilinisaidia mimi pia. Swali, hizi asilimia wanajumlisha aje? Nilipewa 50 na 30 nikapata 70 sio 80, nikadhani wamekosea.

Dunga_Beach

Hawajakosea. Wanaanza na mtu mzima, 100. Ugonjwa mkubwa unachukua 50, anabaki nusu mtu, halafu ile 30 inachukuliwa kwa hio nusu iliyobaki, yaani 15. Jumla 65, inasukumwa hadi 70. Na kuanzia 30 kwenda juu kuna nyongeza ya mke na watoto, kwa hivyo vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa viwe tayari.

Lanet_Bypass, ukiitwa kwa uchunguzi wa daktari wa VA nenda, hata kama ni Nairobi na nauli ni shida. Ukikosa bila sababu wanaamua kwa karatasi zilizopo tu. Na siku hio usijikaze kijeshi. Tulifundishwa kusema "niko sawa", mimi nilipoulizwa goti linauma nikajibu "si sana" na mgongo nimeunyoosha kama niko kwa gwaride, na hio ndio iliandikwa. Sema siku mbaya ikija inakuwaje.

Ikikataliwa pia sio mwisho, uko na mwaka mmoja toka siku ya barua kuomba afisa wa juu aangalie upya au kwenda kwa Bodi ya rufaa, na njia ya tatu ni kuleta ushahidi mpya, hio unaweza hata baadaye lakini ndani ya mwaka ni bora. Hapo ndipo unamwuliza mzee wako ni njia gani inafaa.

Lanet_Bypass

Wakuu narudi na habari. Nilipiga ofisi ya chama jana saa tatu usiku, mama mmoja akashika, akanipata kwa kompyuta papo hapo. Mzee alifanyiwa upasuaji wa moyo. Anaendelea kupona na alikuwa ameacha karatasi kwa meza yake imeandikwa majina ya watu wake, langu ni la tatu, na chini yake ameandika goti, mapafu, muulize mke. Nimesomewa hio kwa simu nikashindwa kuongea kidogo. Huyo mama atanishikia mpaka mzee arudi. Yule wa Facebook nimemwambia hapana, nikabadilisha pasiwadi hata kama sikuwa nimempa.

Mke wangu amemaliza kurasa mbili. Amekumbuka vitu mimi mwenyewe nilikuwa nimevisahau, kwamba mtoto wetu wa kwanza akiwa mdogo nilikuwa siwezi kumbeba kupanda ngazi za nyumba tuliyokuwa tumepanga. Mama_Wawili naweza kukutumia uangalie kama iko sawa?

Mama_Wawili_Lurambi

Tuma inboksi mpendwa, lakini toa jina, tarehe ya kuzaliwa na zile namba zako za Marekani kwanza. Na nitumie pia anwani ya ile ofisi ya chama, nataka tumwandikie huyo mzee kadi ya pole.

Dunga_Beach

Mimi pia natia sahihi kwa hio kadi.