Mlango wa gereji wa mvule umevimba chini baada ya masika, niuokoeje?

MamaSaumu, Tanga
Wakubwa shikamooni. Gereji ya marehemu baba ina mlango wa mvule wa pande mbili, paneli nane. Masika ya mwaka huu maji yalituama pale siku nne. Paneli mbili za chini zimevimba, rangi imebabuka, na ubao wa chini kabisa nikiuchoma bisibisi inazama kama kwenye kiazi kilichoiva. Fundi aliyekuja anataka tung'oe tuweke geti la bati. Baba aliuranda mwenyewe, sikubali. Nianze kwa kuuanika juani?

FundiRanda
Juani usithubutu, mama. Uso utakauka ndani kukiwa kubichi, mbao zipasuke. Ufungue kwenye bawaba, kwangua rangi yote maana inafungia maji, kisha ulaze kivulini juu ya vipande vya mbao, upepo upite chini na juu. Geuza kila siku, wiki tatu au zaidi. Mbao huvimba kwa upana, si kwa urefu, na nyingi zikikauka polepole hurudi zenyewe.

Zikirudi, usikubali mtu azipige gundi wala misumari kwenye mtaro wa fremu, ule mfereji ambamo kingo za paneli huingia! Paneli iachiwe milimita 2 au 3 kila upande ipumue, la sivyo mvua ijayo itasukuma fremu iachie. Ubao uliooza ukatwe mpaka kwenye mbao ngumu, uungwe mvule kwa gundi isiyoingia maji. Ile nyeupe ya kawaida italainika tena.

Mzee wa Pongwe
Ukingo wa chini je? Wangu niliutengeneza mara mbili bure, kumbe ule ukingo haukuwahi kupakwa rangi, na ncha za mbao ndizo zinazonywa maji. Pakeni mikono mitatu, na mlango uinuke sentimeta moja kutoka sakafuni.

MamaSaumu
Nimerudi, ni wiki ya tano. Nilipokwangua rangi upande wa ndani nilikuta namba za penseli, 1 mpaka 8, mwandiko wa baba. Namba 7 imerudi sawa kabisa. Namba 8 ina ufa wa kiganja kizima, ukucha unaingia. Nijaze unga wa mbao na gundi?

FundiRanda
Unga ni wa matundu ya misumari. Hapo chonga kipande chembamba cha mvule, ukifuata mkondo wa mbao, yaani mistari ya nyuzi zake, ukipachike kwa gundi ileile, kikikauka uparuze kwa msasa. Na hiyo namba usiipitishie msasa.