Naomba ushauri: nimevuna viazi vizuri lakini faida siioni. Niongeze ekari au nijifunze kwanza?

Mleta mada (Isongole, Rungwe)

Ndugu wanajukwaa, salaam, na mlionizidi umri shikamooni. Msimu uliopita nililima viazi mviringo ekari tatu, nikavuna magunia 180 ambayo kila aliyeyaona aliyasifu, nikayauza yote shambani kupitia dalali kwa Sh 60,000 kila gunia. Baada ya kulipa madeni ya mbolea, dawa na vibarua, fedha iliyobaki haikutosha hata kununua mbegu ya msimu huu. Gharama sikuziandika popote. Mjomba wangu ananishauri nikope nikodi ekari kumi, kwa kuwa anaamini kilimo cha biashara ni ukubwa wa shamba. Mimi nahisi kuna ujuzi ninaoukosa. Nianzie wapi?

Mkulima wa Njombe

Mdogo wangu, umefanya vyema kuuliza kabla ya kukopa. Hilo gunia lako lilikuwa na kilo ngapi? Mimi niliuza lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, kwa miaka mingi, hadi siku nilipoazima mizani ya chama chetu cha ushirika na kuning'iniza gunia lililoshonewa kichwa cha wavu: lilisoma kilo 125, ilhali sheria ya vipimo inataka gunia la mazao lisizidi kilo 100. Ikiwa yako yalikuwa hivyo, umetoa kilo 4,500 za ziada, yaani magunia 45 halali ambayo hukulipwa hata senti, na kila kilo uliiuza kwa Sh 480. Nunua daftari. Andika kila kitu, pamoja na siku ulizolima wewe na mkeo, kisha gawanya jumla kwa kilo ulizovuna. Asiyejua kilo moja imemgharimu kiasi gani hana namna ya kubishana na dalali, kwa sababu hajui akatae bei ipi.

Bibi shamba mstaafu, Uyole

Mwanangu, hesabu ni muhimu, lakini na shamba lenyewe lina ujuzi wake. Wengi wenu mnabakiza vile viazi vidogo visivyouzika ndiyo viwe mbegu, na hapo ndipo mnyauko bakteria unapohama kutoka msimu hadi msimu. Ukiona shina limenyauka huku majani yangali kijani, likate karibu na udongo, uning'inize kipande hicho ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Baada ya dakika chache, nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka pale ulipokata, ujue ugonjwa umeingia. Hapo usirudishe viazi, nyanya wala bilinganya kwa misimu kadhaa. Weka mahindi au ngano. Dawa ya ukungu nayo hupigwa kuzuia, si baada ya shamba zima kuungua. Udongo upeleke ukapimwe TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, kabla hujanunua mbolea kwa mazoea.

Mkulima wa nyanya, Ilula

Kaka, nyanya haisubiri, ndiyo maana sisi tunamtafuta mnunuzi kabla ya kusia mbegu. Viazi vyako vinaweza kusubiri wiki kadhaa vikikaa gizani penye hewa, maana mwanga huvigeuza kijani na kuvitia uchungu. Zungumza na majirani mjaze lori moja kwa pamoja, na makubaliano yaandikwe.

Mleta mada

Nawashukuru sana. Jana usiku nilikusanya risiti na ujumbe wa malipo kwenye simu, mke wangu akinikumbusha siku za vibarua. Jumla imefika Sh 9,900,000. Nikichukulia kila gunia langu nalo lilikuwa na kilo 125, nikigawanya kwa kilo 22,500, kila kilo ilinigharimu Sh 440, kwa hiyo nilibakiwa na Sh 40 tu kwa kilo. Mjomba nimemwonyesha daftari, akanyamaza kwa muda, kisha akaniuliza mizani inauzwa wapi. Msimu huu ekari zitabaki tatu, na moja kati yake, ile iliyonyauka upande wa bondeni, nitaipanda mahindi.