Kutoka karakana hadi shahada ya uhandisi wa mitambo: mliovuka kutoka Lamu na Malindi, tupeane uzoefu

Fundi wa Langoni
Assalam alaykum, jamaa zangu wa Lamu, Malindi na kwengineko. Kijana ninayemfundisha kazi ya mashine za boti amefaulu mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, daraja la pili, na juzi, grisi ikiwa imempanda hadi viwikoni, aliniuliza kama cheti hicho kinaweza kumfikisha chuo kikuu akasomee uhandisi. Sikuwa na jibu lililonyooka, kwa sababu mimi niliishia kwenye ufundi, na yeye KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, alipata D+ ilhali shahada inataka C+. Nawaomba mliovuka mtueleze mlipitia wapi, na hasa pale palipokuwa pagumu kuliko pote, ili aanze akijua kilichoko mbele.

Msomi wa Tudor
Wa alaykum salaam, fundi wangu. Swali la kijana wako limenirudisha Mokowe, nilikojifunza kazi kabla sijajua kwamba uhandisi unasomewa. Kwa D+ mlango ulio wazi ni cheti cha krafti, yaani cheti cha ufundi cha chuoni kilicho chini ya stashahada, ambacho kinataka D. Akikimaliza ataingia stashahada, na stashahada iliyofaulishwa vizuri ndiyo vyuo vingi huipokea badala ya ile C+. Nilipita ngazi zote hizo, na asidanganywe na mtu kwamba ni fupi, kwa sababu wenzangu niliosoma nao shule ya msingi walikuwa wameshaajiriwa na kuoa nami bado napanga foleni ya kujisajili.

Pagumu kuliko pote palikuwa hesabu za mwaka wa kwanza wa shahada. Mhadhiri aliandika ubaoni mlinganyo wa joto linavyopita katika ukuta wa silinda, na vijana waliotoka shule za sekondari wakaanza kuukokotoa kabla hajaweka chaki chini, nami niliyekuwa nimefungua silinda za kila namna nikabaki nikizitazama zile alama nisijue zinasema nini. Usiku ule nilifunga begi kurudi Lamu. Aliyenizuia ni kijana tuliyekaa naye chumba kimoja, mdogo kwangu kwa umri, aliyeniambia kwamba mlinganyo ule unauliza jambo moja tu, nalo ni joto linapungua kwa kiasi gani kila unaposogea kidogo kutoka ndani ya ukuta kwenda nje.

Hapo nikakumbuka pampu ya maji. Mashine zetu hupozwa kwa maji ya bahari yanayovutwa na kigurudumu cha mpira, na mchanga huzila pezi zake mpaka zikabaki vishina, ndiyo maana fundi wa Lamu huutazama kwanza mchirizi wa maji unaotoka ubavuni mwa mashine kabla hajashika spana. Mchirizi ukidhoofika, upande wa nje wa silinda hupata moto, tofauti ya joto baina ya ndani na nje hupungua, joto halitoki tena kwa kasi ya kutosha, na pistoni hunata. Jibu la mlinganyo nilikuwa nalo mikononi miaka yote hiyo, ila sikuwa na lugha ya kuliandika. Nilifungua begi, na tangu hapo nilisoma kila mlinganyo kwa kuuliza ni kitu gani nilichowahi kukishika kinachozungumziwa.

Mkomani Asilia
Hapo kwenye hesabu umesema kweli tupu, kaka. Wengi walioanza nami waliachia papo hapo.

Dada wa Ngomeni
Mimi ninaandika kutoka upande wa Malindi, na sikupanda ngazi hizo. Nimekulia Ngomeni, ambako majukwaa ya San Marco, ya kurushia roketi, yamesimama baharini kwa miguu ya chuma. Kutoka pale ndiko ilikorushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, na tangu utotoni nilitaka kujua ni nani aliyepiga hesabu ya miguu ile ili isizame wala isilale. Nilijifunza kulehemu na kutengeneza pampu kwenye karakana moja, na muda mrefu nilikuwa nikipewa ufagio na birika la chai huku wavulana niliowatangulia wakipewa mashine. Niliona nikifuata krafti, kisha stashahada, kisha shahada ya miaka mitano, nitazeeka njiani. Nikarudia KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, nikisoma usiku na kulehemu mchana, nikapata alama za kuingia moja kwa moja. Namshauri kijana afanye hivyo hivyo. Shida kubwa ni kupata shule itakayomkubali kwa mitihani ya vitendo ya fizikia na kemia, kwa hiyo alitafute hilo mapema.

Msomi wa Tudor
Dada yangu, naiheshimu safari yako, lakini mtu mwenye watu wanaomtegemea hawezi kuacha kila kitu akahifadhi kemia ya kidato cha pili. Ngazi ya krafti na stashahada humpa karatasi ya kuajiriwa nayo kila anapofika, hata akikwama katikati.

Dada wa Ngomeni
Sikuacha kazi, kaka, nimesema nililehemu mchana. Na hiyo karatasi ya katikati ndiyo iliyowanasa wengi ninaowajua, kwa sababu mshahara wa kwanza ukiingia hamu ya kusoma hutoka.

Mzamiaji wa Shela
Mbona hamuulizi kama shahada yenyewe ina haja? Fundi mzuri wa mashine za boti hapa hakosi kazi msimu wowote, na nimewaona wenye shahada wakija kwake kuomba wafundishwe kufungua kabureta.

Fundi wa Langoni
Bwana wangu, mimi ndiye fundi unayemsifu, na ninakujibu kwa yale niliyoyaona. Tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lifunguliwe Mei 2021, vijana wetu wanatazama winchi zile kutoka mbali, na anayetaka kuwa na sauti juu ya mashine kama zile huulizwa karatasi kwanza. Sitaki kijana huyu aishie kubeba sanduku la vifaa la mtu mwingine.

Mkaguzi wa Mitambo
Kuna jambo mmeliruka, nalo litamuumiza baadaye asipolijua leo. Shahada zote zenye neno uhandisi au teknolojia si sawa mbele ya sheria. Bodi ya Wahandisi wa Kenya husajili waliosoma programu iliyoithibitisha, na baada ya hapo mtu hufanya kazi chini ya usimamizi kabla ya kuomba usajili wa mhandisi kamili. Wenye shahada ya teknolojia wana bodi yao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Basi kabla hajalipa karo hata shilingi moja, aulize programu yake inasajiliwa na bodi ipi, na asiridhike na maneno ya mdomo.

Mkomani Asilia
Mwenye shahada ya teknolojia ni mhandisi vilevile. Mimi ninayo, na ninasimamia jenereta ambazo wenye vyeo hawazigusi.

Mkaguzi wa Mitambo
Sijadharau kazi yako, ndugu. Nimesema usajili, sikusema uwezo.

Mwana wa Kizingitini
Nimesoma kimya kimya tangu mwanzo, lakini mliposema uwezo na karatasi nimekumbuka jambo ambalo sijawahi kuliandika popote. Nilikuwa mwanagenzi kwenye boti ya abiria yenye mashine ya dizeli, na msimu wa kusi tulikuwa tukipita nje ya miamba ya Pate tukielekea nyumbani. Tulisikia mlio mmoja mkavu chini ya sakafu, mashine ikapaa kwa kasi kama isiyo na mzigo, na boti ikasimama. Shafti ya propela ilikuwa imekatika. Upepo ulitusukuma kwenye miamba, mawimbi yaliyokuwa yakivunjika juu yake tukiyaona kwa macho, akina mama wakiwafunga watoto kwa kanga kwenye viuno vyao, na nanga ya kwanza ikaburura. Ya pili ilishika tukiwa karibu mno. Tulikaa hapo tukipigwa mpaka mashua ya wavuvi waliokuwa wakirudi ikatutupia kamba, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu hakuna aliyepotea.

Tulipofika nchi kavu lawama zote zilimwangukia fundi wangu. Watu walisema alikaza vibaya, wengine wakasema amekula pesa ya chuma kizuri. Mzee yule aliacha kufunga mashine za abiria kwa aibu ambayo haikuwa yake. Mimi nilihifadhi kipande cha shafti bila kujua kwa nini. Miaka ilipita, nikapanda ngazi kama ya Msomi hapo juu, na katika somo la nguvu za vifaa mhadhiri akatuonyesha picha ya chuma kilichokatika kwa uchovu: sehemu kubwa laini yenye mistari ya mviringo inayofuatana kama mikunjo ya mchanga maji yakitoka, na kando yake sehemu ndogo yenye chembe zinazong'aa, pale palipokatika ghafla mwishoni. Kilikuwa ni kipande changu hasa. Mistari yote ilianzia kwenye pembe ya mfuo wa kabari, yaani mfereji unaochongwa kwenye shafti ili kabari ikae ndani yake, ambao karakana iliyoikereza shafti iliukata kwa pembe kali badala ya kuiviringa kidogo, na kwenye pembe kali nguvu hujikusanya mahali pamoja. Ufa ulikuwa umekua polepole, chumvi ikiusaidia, na spana ya mzee wangu haikuhusika nao hata kidogo. Nilimpelekea kipande, nikamwonyesha mistari kwa kidole mbele ya wanawe.

Dada wa Ngomeni
Subhanallah. Je, mzee alirudi kazini?

Mwana wa Kizingitini
Alirudi, dada, na shafti yoyote anayoletewa sasa huipapasa pembe za mfuo kwa ukucha kabla hajaipokea.

Mzamiaji wa Shela
Boti ilikuwa ya nani? Na abiria walikuwa na jaketi za kujiokolea?

Mkomani Asilia
Jaketi zilikuwa wapi zama zile? Hata sasa wengine huzikalia.

Fundi wa Langoni
Jamaa zangu, suala la jaketi ni zito na linastahili mazungumzo yake, lakini kijana wangu anasubiri. Mwana wa Kizingitini, umenifanya nitake nami nirudi darasani.

Mstaafu wa Bandarini
Rudi, mwanangu, hujachelewa. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kilichoko Tudor ambako Msomi amechukulia jina lake, chenyewe kilianza kama taasisi ya ufundi ya Waislamu, MIOME, na wanafunzi wa kwanza waliingia 1951. Mwaka 1966 kikawa taasisi ya ufundi ya wote, 1972 kikawa politekniki, 2007 chuo kikuu kishiriki, na 2013 chuo kikuu kamili. Baba zetu walipeleka watoto pale wajifunze kushika tupa na msumeno, na leo wajukuu wanatoka pale na joho. Ushauri wangu kwa kijana ni mmoja: asioe kabla ya mwaka wa tatu.

Msomi wa Tudor
Mzee wangu, mimi nilioa mwaka wa kwanza, na mke wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, ndiye aliyenivusha.

Dada wa Ngomeni
Fundi, tuambie alama zake za hesabu na fizikia, maana ushauri wote unategemea hapo.

Fundi wa Langoni
Fizikia C+, hesabu D.

Dada wa Ngomeni
Mwenye C+ ya fizikia hakosi akili. Arudie KCSE, na hesabu aanze usiku huu.

Msomi wa Tudor
Hesabu ya D ndiyo sababu ya kupitia krafti, kwa kuwa atazisoma pole pole akiwa na mashine mbele yake. Mlete Tudor nitakapokuwapo, aje na hati halisi za KCSE na za NITA, na ile daftari yake ya kazi kama anayo.