Wakuu, dawa za mimea za kurudisha kumbukumbu: nimpe mama au niache?

Mtoto wa Muheza (mtoa mada)
Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka sabini na kitu, anaishi na dada Muheza, mimi nipo Dar. Alianza kusahau vitu vidogo, funguo, sufuria jikoni. Sasa anauliza baba atarudi saa ngapi, na baba tulishamzika zamani. Daktari amesema ni Alzheimer. Nimesoma kwamba manjano na majani ya ginkgo yanasafisha ubongo, na kuna mtu anauza vidonge vyenye vyote viwili. Aliyewahi kutumia aniambie. Usingizi sipati.

Shangazi wa Mikindani
Pole sana mwanangu. Bibi yangu alikula manjano kwenye mchuzi wa samaki maisha yake yote, na mwisho akawa ananiita kwa jina la dada yake marehemu. Nikawa naitika tu. Mzazi anataka kusemeshwa, anataka kushikwa mkono. Huko Muheza unakwenda lini na lini?

Ngosha
Mlonge mkuu! Mzee wangu sukari ilikuwa imempanda vibaya, tukampa unga wa mlonge kwenye uji, leo analima mwenyewe.

Mbeya Boy
Ngosha, kaulizwa ubongo, wewe umeleta sukari. Kwako hata pancha ya baiskeli dawa yake mlonge.

Mama Famasi
Mtoa mada, nipo duka la dawa kwa miaka mingi, nakujibu ulichouliza. Ginkgo ilipimwa Marekani kwa wazee 3,069 wenye miaka 75 na zaidi, miligramu 120 mara mbili kwa siku, kwa miaka kama sita. Majibu yalitoka 2008: waliomeza ginkgo na waliomeza vidonge vitupu walipata ugonjwa sawasawa. Manjano maabara yanaonyesha matumaini, ila ukiyameza tumbo linapokea kidogo mno.

Mimea yenye kazi ipo. Galantamini ilitoka kwenye tunguu za maua ya jamii ya narsisi, wakaanza nayo Bulgaria miaka ya 1950, na Marekani ikaidhinishwa kwa Alzheimer 2001. Rivastigmini iliundwa kwa kufuata sumu ya maharage ya Calabar, Nigeria, yale waliyokuwa wakilishwa watuhumiwa wa uchawi. Zote mbili zinazuia kuvunjwa kwa asetilikolini, kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupeana habari. Zinapunguza makali kwa muda, haziponyi, na hupimwa kwa miligramu chini ya daktari.

Mama anatumia dawa gani nyingine?

Mtoto wa Muheza
Za presha tu.

Mama Famasi
Zitaje majina. Zote.

Mtoto wa Muheza
Amlodipini. Na warfarini, tangu alipopata kiharusi, walisema moyo unapiga ovyo. Lakini jamani hivi ni vya majani, havina kemikali. Na ukweli nimeshaanza kumpa. Nusu ya hela ya dozi nzima nimeshalipa, na dada anasema mama juzi alimtambua mjukuu. Sasa nikiacha, si nitakuwa nimemrudisha nyuma?

Mama Famasi
Warfarini! Mbona hukusema mwanzo? Hiyo ni dawa ya kuzuia damu isigande, na yenyewe asili yake ni majani. Miaka ya 1920 ng'ombe Kanada na Marekani walikuwa wanakufa kwa kuvuja damu baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Wataalamu wakakitafuta kilichomo, na warfarini ikatokana na hapo. Ukimwongezea ginkgo na manjano ya vidonge, damu inaweza kukosa breki kabisa. Kumtambua mjukuu, wagonjwa hawa wana siku nzuri na siku mbaya hata bila dawa yoyote.

Mzee wa Hoja
Mnaliwa mchana kweupe. Akaunti mpya. Kwanza presha tu, mara warfarini, mara kiharusi, mara mjukuu katambuliwa. Hadithi inanenepa kila akibanwa. Kesho atakuja na "mama amepona, namba ya muuzaji hii hapa".

Mbeya Boy
Hata mimi hapo kwa mjukuu nilistuka.

Shangazi wa Mikindani
Mtu halii na mama yake kwa kutunga.

Mzee wa Hoja
Shangazi, wapo. Mdogo wangu alitapeliwa kwa uzi kama huu, akauza pikipiki.

Mtoto wa Muheza
Sijataja jina la dawa wala la muuzaji, na sitataja. Warfarini sikuitaja kwa sababu nilijua mtasema niache. Nimempigia dada sasa hivi. Anasema mama ana mabaka ya bluu mikononi, alidhani anajigonga usiku.

Mama Famasi
Mabaka hayo yasisubiri kesho. Vidonge vya majani visimame leo. Warfarini msiiguse wenyewe, wala kupunguza wala kuacha. Aende hospitali sasa apimwe INR, kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, na dada abebe dawa zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na kopo la huyo muuzaji. Akitapika damu, akipata choo cheusi au kichwa kikimuuma ghafla, ni dharura.

Ngosha
Na mlonge?

Mama Famasi
Majani ya kijani yana vitamini K, inavuta upande wa pili, inaidhoofisha warfarini. Usimpe bila kumwambia daktari.

Mtoto wa Muheza
Dada amepata bajaji, wapo njiani.

Mzee wa Hoja
Sawa, Mungu amsaidie mama. Ila wasimamizi, ikitokea namba ya simu humu, fungeni uzi.