Kiko kinakoroma, siga inapasuka: masika haya ya Moshi tufanyeje?

RauJioni
Wakuu, habari za jioni. Nipo Moshi na huwa navutia nje kibarazani. Tangu mvua zianze, kiko changu cha briar (mbao ngumu ya mzizi) kinakoroma hata kabla tumbaku haijafika nusu, na ulimi unaungua. Siga nazo zinawaka upande mmoja, halafu jani la nje linapasuka karibu na moto. Siga nimeziweka kwenye kontena la plastiki lenye pakiti ya unyevu ya 69, yaani ya kushikilia unyevu wa hewa kwenye asilimia 69. Tumbaku ya kiko naianika mezani hapo hapo kibarazani nusu saa kabla ya kujaza. Nakosea wapi?

Njiro_Kiko
Mkuu, kosa la kwanza ni huko kuanika. Jioni ya mvua tumbaku ikikaa kibarazani hainyauki, inazidi kunyonya maji. Ianike ndani, mchana, juu ya karatasi isiyo na maandishi, feni ikipuliza kwa mbali, dakika 30 hadi 60. Kisha ibane kwa vidole. Ikibaki donge, bado mbichi. Ikivunjika kama jani kavu, umepitiliza. Ikijiachia taratibu, jaza.

Kinachokuunguza ulimi ni mvuke zaidi ya moto. Maji ya kwenye tumbaku yanachemka, mvuke unapoa ndani ya bomba na kurudi kuwa matone, ndiyo huo mkoromo. Ukiusikia, usivute kwa nguvu. Pitisha brashi nyembamba ya kiko kutoka mdomoni hadi chini ya bakuli, iache inyonye, itoe. Na usichomoe bomba kiko kikiwa cha moto, kiungo kinaweza kukatika.

Kujaza: theluthi ya kwanza idondoke yenyewe, ya pili ibonyeze kidogo, ya tatu kaza. Washa mara ya kwanza, shindilia majivu kwa wepesi, washa tena. Kikizimika si aibu, bora kuwasha mara nne kuliko kuvuta harakaharaka.

KibarazaChaSiga
Upande wa siga, 69 ni nyingi kwa masika. Weka pakiti ya 62 au 65 na uzipe wiki mbili au tatu zitulie. Siga iliyolowa hujaa kwa ndani. Ukiiwasha, majani ya tumboni yanatanuka kuliko jani la nje, ndipo linapasuka. Hilo la kuwaka upande mmoja mara nyingi ni unyevu ule ule, au upepo. Geuza kiti upepo ukupige mgongoni, na ule upande uliochelewa uguse kwa moto wa kiberiti bila kuvuta. Mvuto mmoja kwa dakika unatosha.

Usitoe siga kwenye gari lenye AC na kuiwasha papo hapo nje. Jani baridi likikutana na hewa ya joto na unyevu linatoa jasho. Iache kwenye mfuko wake mpaka ishike joto la nje.

Sakina75
Kabla ya kununua pakiti nyingine, hakiki kipima unyevu, vile vya bei rahisi hudanganya sana. Jaza chumvi kwenye kizibo cha soda, dondoshea maji mpaka iwe kama uji mzito, isiyeyuke. Iweke na kipimo ndani ya mfuko wa zipu uliofungwa kabisa, saa 8 au zaidi. Kipimo kinatakiwa kusoma 75. Kikisoma 79, kila siku toa 4.

Joto la Moshi nalo msilidharau. Chumba kikizidi nyuzi 24 muda mrefu, mayai ya kimdudu cha tumbaku huanguliwa. Ukiona tundu la duara dogo kama la pini na vumbi la kahawia, funga siga zote kwenye mifuko miwili, friza ya nyuzi -18 siku 4, kisha friji ya kawaida siku 1, ndipo uzitoe. Mfuko usifunguliwe mpaka upoteze ubaridi.

RauJioni
Shukrani sana wakuu. Kwa unyevu huu kuna kiko kinachofaa kuliko briar?

Njiro_Kiko
Cha gunzi la mahindi, kinanyonya na kukauka upesi. Kingine ni cha meerschaum, jiwe jeupe jepesi. Jiwe lake lilichimbwa Sinya, upande wetu wa Amboseli, na viko vilitengenezwa hapa hapa Arusha, vikiwa na alama ya tembo na jina Kiko. Ukikuta kiko kikuukuu cha aina hiyo sokoni, angalia kama bakuli lina ufa. Briar usiitupe, ipumzishe siku mbili au tatu baada ya kila uvutaji, bomba likiwa limetolewa baada ya kupoa, brashi ikiwa ndani.