Dramu za kielektroniki za mazoezi ya nyumbani: seti ipi haitawaamsha majirani?

Kijiti Pembeni ameuliza:

Habari zenu, ndugu zangu. Nimepiga dramu za kawaida kwa miaka sita, lakini muda wote huo nimekuwa nikifanyia mazoezi mahali pa kuazima, na sasa nataka seti ya kielektroniki chumbani kwangu ili nipate walau saa moja kila usiku nikitoka kazini. Ninaishi ghorofani, chini yangu kuna familia yenye mtoto mchanga, na ukuta ulio kichwani mwa kitanda changu ndio huohuo wa jirani. Nimeona seti mbili ninazozimudu. Ya kwanza ina pedi (vibao vya kupigia) za raba na moduli, yaani kisanduku kinachotoa sauti za dramu, yenye sauti za kila aina. Ya pili ina pedi za wavu uliowambwa kama ngozi ya dramu, ila moduli yake ni ya kawaida sana. Muuzaji amenihakikishia kwamba zote mbili hazina kelele kabisa, mradi nivae hedifoni. Je, ni kweli? Na kati ya wavu na moduli nzuri, ninyi mngetanguliza kipi?

Mzee wa Matoazi amejibu:

Ndugu Kijiti, hedifoni hunyamazisha spika tu, hazinyamazishi pigo. Kijiti kinapokutana na pedi kuna sauti halisi inayotoka palepale, na wewe hutaisikia kwa kuwa masikio yako yamejaa dramu nzuri za moduli, lakini aliyeketi chumba cha pili ataisikia: tak, tak, tak, kama mtu anayepigapiga meza kwa kalamu bila kuchoka. Ni kweli kwamba haikaribii seti ya kawaida, ambayo mpigaji mwenye mkono mzito huifikisha zaidi ya desibeli 100, lakini usiku nyumba ikiwa imetulia, hata sauti ndogo hukera.

Kwa hiyo ningechukua wavu bila kusita. Kampuni ya Roland ilipotoa pedi za wavu mwaka 1997, kwa kushirikiana na Remo, watengenezaji wa ngozi za dramu, ilibadilisha mambo mawili kwa pamoja: sauti ya pigo ilipungua sana, na mkono ukapata kitu kinachonepa. Sisi tuliotangulia tunakumbuka pedi za pembe sita za Simmons SDS-V, seti ya kielektroniki ya mwaka 1981, zilizokuwa ngumu kiasi kwamba wapigaji wengi walilalamikia maumivu ya vifundo vya mikono. Lawama yangu kwa wavu ni moja: hukirudisha kijiti kwa urahisi kupita ngozi ya kawaida, na mtu huweza kujidhania ana kasi ambayo hana, kwa hiyo usiache kabisa kupiga dramu halisi.

Kumbuka pia kwamba matoazi ya seti zote mbili bila shaka ni ya raba au plastiki, kwa hiyo hata ukichukua wavu, hai-hati (matoazi mawili yanayofungwa kwa pedali ya mguu) na toazi la raidi, lile kubwa la kushikilia mdundo, zitabaki na ule mlio wa tak.

Fundi Sakafu amejibu:

Ninakubaliana na Mzee, ila naona tunajadili mikono na kuusahau mguu. Mimi nilinunua seti ya wavu nikajiona nimemaliza kazi, na siku ya nne jirani wa chini akapanda kuniuliza, kwa upole mkubwa, kama ninatwanga kitu usiku. Hakuwa amesikia snea, ile dramu kuu ya mkono, wala toazi hata mara moja. Alichosikia ni kiki, yaani dramu ya mguu, kwa sababu kinyundo cha pedali husukuma nguvu kupitia fremu hadi sakafuni, na zege husafirisha mtetemo huo vizuri kuliko hewa inavyosafirisha sauti. Zulia nililotandika halikusaidia chochote cha maana; zulia hupunguza mwangwi wa chumbani na kuzuia seti isiteleze, basi.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza habari za moduli, uliza kiki ni ya namna gani. Zipo zenye mnara wa pedi unaopigwa kwa pedali halisi na kinyundo, ambazo mguu huzifurahia lakini ndizo zenye mtetemo mkubwa. Zipo pedali zisizo na kinyundo, ambazo ni swichi ya kukanyaga tu. Hizi ni kimya zaidi, ingawa mguu uliozoea uzito wa kinyundo utaziona nyepesi mno.

Mimi nilibaki na mnara nikatengeneza jukwaa. Nilichukua mbao mbili za plaiwudi nene, ile ya chini nikaitoboa matundu madogo kuliko mpira wa tenisi ili kila mpira ukalie tundu lake bila kubingirika, kisha nikalaza ubao wa juu juu ya mipira. Mipira ikae kwa wingi zaidi chini ya kiti na chini ya kiki, kwa kuwa uzito uko huko, lakini usiisheheneze, maana mipira mingi mno hulifanya jukwaa liwe gumu na faida yake ikapungua. Kiti nacho lazima kiwe juu ya jukwaa, na ubao usiguse ukuta hata kidogo.

Kijiti Pembeni amejibu:

Nawashukuru sana, wakubwa. Nimerudi kuzitazama: ile ya raba ina mnara, na ile ya wavu ina pedali isiyo na kinyundo. Sasa naona nilikuwa nikilinganisha nisichokihitaji. Je, moduli ya kawaida itanizuia kukua?

Mizani ya Mkono amejibu:

Haitakuzuia, mradi mambo machache yawepo. Snea itambue tofauti ya katikati na ukingo, na ipokee mapigo hafifu. Jaribu kupiga kwa ncha ya kijiti, polepole kabisa, na kama moduli inakaa kimya au inatoa sauti ileile ya pigo la wastani, achana nayo. Toazi liweze kunyamazishwa kwa kulishika. Pawepo metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo) na tundu la kuingizia muziki wa kufuatisha. Idadi ya sauti isikusumbue, kwa sababu ukiiunganisha na kompyuta kwa waya wa USB utaweza kutumia sauti bora kuliko zote zilizomo.

Hedifoni ziwe zile zinazofunika sikio lote, na uzifungulie sauti ndogo kuliko unavyotamani. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa usalama kazini nchini Marekani ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Anayepiga kwa desibeli 94 ana saa moja tu, yaani mazoezi yako yote ya usiku.

Kijiti Pembeni amejibu:

Nimechukua ya wavu. Jana nilimwomba mama mtoto wa chini asikilize nikiwa ninapiga, kisha nikashuka kumuuliza. Kiki hakuisikia, alisikia pedali ya hai-hati ikigonga kila ninapoifunga kwa mguu. Leo naanza kutafuta mipira ya tenisi.

Fundi Sakafu amejibu:

Anza na michache chini ya pedali hiyo peke yake, kisha umwombe asikilize tena kabla hujakata ubao mkubwa.