Wauza tochi za infraredi za kuwindia usiku, mnatuuzia giza!

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa bado na hasira, na sitaki ipoe kabla sijamaliza. Ndani ya mwaka mmoja nimenunua tochi tatu za infraredi za kuwindia usiku, zile zinazotoa mwanga ambao jicho tupu haliuoni, unauona kwa darubini ya usiku tu. Tatu! Ya kwanza haikunionyesha kitu. Ya pili ilinijazia jicho weupe mtupu. Ya tatu nusura inifanye niue kiumbe kisicho na kosa. Na kote nilikonunua nilipewa maneno yaleyale: "Hii kali mkuu, inapiga mpaka mita 500."

Mimi ni mwindaji mwenye kibali, na kazi yangu ni nguruwe pori wanaoingia mashambani usiku. Anayewajua anajua. Kundi likiingia usiku wa manane, alfajiri unakuta shamba limefukuliwa kana kwamba trekta limepita, na mwenye shamba kakaa pembeni kashika tama. Kwa hiyo tochi kwangu si pambo. Na kama sheria ya kwenu hairuhusu kuwinda usiku, au hairuhusu vifaa hivi juu ya bunduki, usiuchukue uzi huu kama ruhusa.

Nianze na ile ya kwanza, maana hapo ndipo wengi wanapigwa.

Muuzaji aliniuliza swali moja tu: "Unataka inayoonekana au isiyoonekana?" Nikajibu isiyoonekana. Nani angejibu vingine? Akanipa ya nanometa 940 (huo ni urefu wa mawimbi ya mwanga wake), akaniambia hiyo ndiyo ya kisasa. Usiku ule nikafika ukingoni mwa shamba, nikaifunga tochi kwenye reli ya bunduki, nikawasha, nikachungulia kwenye darubini. Giza. Nikazima, nikawasha tena. Nikabadili betri. Nikazungusha lenzi huku na huku. Giza lilelile, na nguruwe nawasikia kabisa wanavunja mabua. Mwishowe nikatoa simu, nikaielekezea tochi kamera ya mbele. Kwenye skrini taa ikawaka zambarau, inang'aa vizuri kabisa. Yaani tochi ilikuwa nzima. Darubini yangu ndiyo ilikuwa haiuoni mwanga wake.

Darubini yangu ni ya tyubu, yaani inakuza mwanga hafifu kwa tyubu badala ya sensa ya kamera, na ni ya kizazi cha tatu. Sehemu ya ndani inayopokea mwanga kwenye tyubu za namna hiyo imetengenezwa kwa galiamu asenidi, na uwezo wake wa kuona huporomoka mwanga unapofika karibu nanometa 900. Kuimulikia 940 ni kutwanga maji kwenye kinu. Darubini za dijitali, ambazo sensa zake ni ndugu wa zile za kamera ya simu, zinauona mwanga wa 940, ila hata zenyewe zinauona hafifu kuliko wa 850. Kwa hiyo mwenye dijitali akichagua 940 anapata siri, lakini anailipia kwa umbali. Akichagua 850 anaona mbali zaidi, ila mdomoni mwa tochi kunabaki kidoa chekundu kama ncha ya sigara inayoungua, na mnyama aliye karibu akikutazama uso kwa uso anaweza kukishtukia. Mwenye tyubu kama yangu hana la kuchagua hapo, 940 haimfai.

Sasa niambieni, hayo ni maelezo ya kumchukua mtu muda gani? Swali alilotakiwa kuniuliza kabla ya yote ni moja: "Darubini yako ya tyubu au ya dijitali?" Hakuuliza. Na nilipoirudisha aliniwashia mbele ya simu yake akaniambia, "Si unaona inawaka? Haina tatizo hii." Hela yangu ikaishia hapo. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na muuzaji mwenyewe hajui ndani ya gunia mna nini.

Ya pili nikasema sidanganyiki, nataka 850. Nikapewa ya "wati 10" yenye maandishi makubwa ubavuni mwa boksi: lumeni 1,000.

Wakuu, lumeni! Lumeni ni kipimo cha mwanga kwa kadiri jicho la binadamu linavyouona. Mwanga ambao binadamu hauoni hauna lumeni za kuhesabu. Anayeandika lumeni kwenye tochi ya infraredi ama hajui anachouza, ama anajua na anatuibia mchana kweupe. Na wati nazo, zile zinazoandikwa ni za umeme unaoingia kwenye tochi, si za mwanga unaotoka. Sehemu kubwa ya umeme huo kwenye LED inageuka joto, ndiyo maana baada ya muda kichwa cha tochi kinakuwa cha moto, na kikipata moto mwanga unashuka. Kipimo cha kumwambia mnunuzi ni miliwati za mwanga unaotoka na pembe ya mwale. Basi. Havikuandikwa popote kwenye lile boksi.

Na pembe ndiyo iliyoniua. Ile tochi mwale wake ulikuwa mpana kama mlango wa ghala. Niliwasha nikiwa nimelala kwenye nyasi, ukungu mwepesi umeshaanza kushuka, na nilichoona ni pazia jeupe. Majani yaliyo mita mbili mbele yangu yalikuwa yanawaka kama yamepakwa chokaa, vumbi na matone ya ukungu yanaelea kama theluji, na nyuma ya hapo hakuna kitu. Sababu ni kwamba kilicho karibu kinapata mwanga mwingi mno kuliko kilicho mbali, nao unarudi moja kwa moja kwenye lenzi. Darubini inajipunguza nguvu ili isizidiwe, na kule mbali kunazama gizani.

Nilihangaika karibu mwezi mzima kabla sijagundua dawa, na dawa yenyewe haina gharama. Bana mwale. Itenganishe tochi na lenzi, ipandishe juu au iweke pembeni kadiri unavyoweza, au mwenzako aishike akiwa hatua kadhaa kutoka ulipo, mwanga usipite mbele ya pua ya darubini. Ukiwa karibu, punguza nguvu badala ya kuongeza. Siku niliyoifunga ile tochi kwenye mti wa pembeni, kama hatua nne kutoka nilipolala, lile pazia likafunguka, nikaona mstari wa uzio, nikaona na vigingi kimoja kimoja. Nilifurahi, halafu nikakasirika upya. Kwa nini hakuna aliyeniambia?

Hesabu ya umbali nayo haihitaji chuo. Ukitaka mwanga uleule ufike mara mbili ya mbali, unahitaji nguvu mara nne, si mara mbili. Lakini ukiubana mwale pembe yake iwe nusu, nguvu ileile inakusanyika kwenye eneo la robo, na unapata mng'ao mara nne bila kuongeza hata wati moja. Ndiyo maana tochi ndogo yenye lenzi nzuri inaishinda tochi kubwa inayomwaga mwanga ovyo. Halafu bado mtu anakuja kuniuliza, "Ina wati ngapi?"

Sasa ya tatu. Hii ndiyo iliyonifanya nifungue uzi.

Ilikuwa na lenzi ya kuvuta na kusukuma, mwale unabana mpaka unakuwa kama sahani. Muuzaji akanihakikishia mita 500, akaniambia hivi, namnukuu: "Wewe tafuta macho tu, macho yanawaka yenyewe, ukiyaona piga." Na kweli macho yaliwaka. Usiku wa tatu nikaona macho mawili upande wa pili wa shamba, yanang'aa kama taa za gari, yapo chini, yanainama na kuinuka, kama mnyama anayekula. Mwili wenyewe siuoni, naona kivuli tu kwenye majani. Nilishaondoa kizuizi cha bunduki. Kidole kilishafika kwenye kifyatulio.

Kitu kilichonizuia ni kimo. Yale macho yalipoinuka yalipanda juu mno kwa nguruwe. Nikangoja. Nikangoja tena. Kikatembea upande, nikaona kamba inaburuzika shingoni. Ndama wa jirani, amekata kamba. Na nyuma yake, hatua chache, mtoto wa yule jirani anamfuata na fimbo, hana tochi, anaita kwa sauti ya chini ili asiamshe watu. Mtoto sikumwona kabisa mpaka alipotoka kwenye majani. Macho yake hayakuwaka.

Jasho jembamba lilinitoka. Nilifungua bunduki nikatoa risasi zote, nikakaa chini, mikono inatetemeka. Sikulala usiku ule wala uliofuata.

Baadaye ndipo nikaelewa. Ng'ombe, mbuzi, mbwa na paka wana tabaka nyuma ya jicho linalorudisha mwanga kama kioo, na ndilo linalowaka kwenye darubini. Nguruwe hana tabaka hilo. Binadamu naye hana. Ukipata mng'ao kwao ni hafifu, na mara nyingi huupati. Yaani ule ushauri wa "tafuta macho, piga" ulikuwa unanielekeza kwenye mifugo ya watu na kunificha niliyemfuata, na ukamficha na mtoto. Yule bwana alikuwa amejaribia tochi yake kwa paka wa mtaani, halafu akaniuzia mimi wa nguruwe.

Na hizo mita 500, ni za kuona nini? Tangu 1958 kuna vigezo vya John Johnson, mtafiti wa maabara ya jeshi la Marekani ya vifaa vya kuonea usiku. Alipima ni jozi ngapi za mistari (mmoja mweusi, mmoja mweupe) ambazo kifaa kinatakiwa kuzitenganisha kwenye upana mdogo wa kitu ili mtazamaji awe na nafasi ya nusu kwa nusu ya kufanikiwa. Kuona tu kwamba kuna kitu: jozi 1. Kujua ni kitu cha aina gani: jozi 4. Kukitambua hasa: jozi 6.4. Sasa gawanya mwenyewe. Darubini inayoona "kuna kitu" kwenye mita 500 inakupa aina yake kwenye mita 125 hivi, na kukitambua ni kama mita 78. Na hiyo nusu kwa nusu ni ya maabara, mimi kwenye bunduki siikubali. Mng'ao wa macho haufikii hata ile jozi ya kwanza, ni nukta tu. Hiyo nukta ndiyo inayoandikwa kwenye boksi kama umbali wa kuwindia!

Kuna hizi za leza pia zimeingia kwa fujo. Leza ya infraredi inabana mwale kuliko LED, sikatai. Lakini mwanga huu unapita mpaka kwenye retina, ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea picha, na kwa kuwa huuoni, jicho halipepesi kujikinga. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60825-1 kinazipanga leza kwa madaraja, kuanzia la 1 hadi la 4, na 3B kwenda juu ni hatari kwa jicho. Nimeshika moja mkononi wiki iliyopita, haina lebo ya daraja, haina onyo, haina chochote. Nikamuuliza muuzaji, akasema "ni ya kawaida tu." Nikairudisha mezani nikaondoka.

Betri sitaki hata kuzizungumzia sana. Betri nzuri ya 18650, ile ya mviringo inayoingia kwenye tochi hizi, inabeba chaji ya kama mAh 3,500. Hizo zilizoandikwa 9,900 ni uongo wa karatasi. Zangu zilizima tochi katikati ya kazi, na usiku wa baridi zilizima mapema zaidi.

Ninachodai kwa wauzaji na watengenezaji si kikubwa. Andikeni urefu wa mawimbi na aina ya darubini unaoifaa. Andikeni miliwati zinazotoka, pembe ya mwale ikiwa imebanwa na ikiwa imefunguliwa, na kama ni leza, daraja lake. Mkiandika umbali, semeni ni wa kuona au wa kutambua, na ni wa mnyama wa ukubwa gani. Na mtu akija dukani, muulizeni anatumia chombo gani na anawinda nini, kabla hamjapokea hela yake.

Nawe mnunuzi mwenzangu, usikubali kununua bila kuijaribu usiku kwenye darubini yako mwenyewe. Wakikataa, ondoka.

NIMEHARIRI: Wengi mnaniuliza kwa ujumbe kama niachane na tochi ninunue kifaa cha kuona joto. Kifaa cha joto hakihitaji tochi kabisa, kinapokea miale ya joto ya mnyama yenyewe, ya mikrometa 8 hadi 14, na ukikimulikia tochi ya 850 hakiioni. Kwa kugundua kwamba kuna kiumbe hai kwenye majani kinaishinda tochi yoyote, na yule mtoto ningemwona mapema. Ila kamba shingoni mwa ndama sina hakika kama kingenionyesha, na kamba ndiyo iliyoniokoa. Kwa sasa nimekopeshwa kimoja kidogo cha mkononi. Natafuta kwa hicho, bunduki ikiwa begani, halafu natambua kwa darubini na ile tochi ya pili, ikiwa imefungwa mbali na lenzi, kwenye mita 60 kushuka. Zaidi ya hapo sifyatui.